Udongo wa Kwetu na Udongo wa Ulaya

Msomaji akipanda basi Bunda kwenda Musoma, akabahatika kupata kiti cha dirishani, ataona jambo ambalo sisi wenyeji wa Mara tumelizoea hata hatulioni tena. Kando ya barabara, kuanzia Balili mpaka Kiabakari, na kuanzia Makutano mpaka Bweri, zimesimama nyumba zisizo na paa. Nyingine zimefika linta, nyingine zimeishia madirishani, nyingine ni msingi tu wa mawe uliofunikwa na nyasi. Huku kwetu huitwa maboma. Ndani ya baadhi yake miti imeota na kukomaa. Na katika mji huo huo wa Musoma ambako basi linaelekea, mwalimu kijana aliyepangiwa kazi atazunguka na dalali siku tatu akitafuta chumba kimoja, na akikipata ataambiwa alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla hajaushika mshahara wa kwanza.

Nyumba zimesimama bila watu, na watu wanatafuta nyumba. Jambo hili nimelifikiri kwa miaka mingi, kwa sababu mojawapo ya maboma hayo lilikuwa langu. Lipo Ikizu, upande wa Nyamuswa, na lilikusudiwa kuwa nyumba ya mama yangu mzazi. Nitaeleza jinsi lilivyobaki boma. Lakini kwanza hapana budi nirudi nyuma kidogo, maana kosa langu halikuanzia kwangu peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1960, sikumjua mtu kijijini kwetu aliyekosa nyumba kwa kukosa fedha. Kijana alipotaka kuoa, baba yake alimwonyesha mahali. Boriti na fito zilikatwa porini, nyasi zilifyekwa mwisho wa masika zilipokomaa, na udongo ulikuwa chini ya miguu. Majirani waliitwa. Wanaume walichimba mashimo na kusimamisha miti, wanawake wakateka maji na kukandika, vijana wakapanda juu kuezeka. Malipo yalikuwa chakula na pombe ya mtama. Ndugu zetu Wakurya huiita kazi ya namna hiyo risaga, na kila kabila la Mara lilikuwa na jina lake kwa kazi hiyo hiyo. Aliyejengewa leo alikuwa na deni la jasho, naye alililipa kesho kwa jirani.

Sisemi kwamba nyumba zile zilikuwa pepo. Mchwa walikula boriti, paa lilivuja, cheche moja ya jikoni ilitosha kuteketeza mali ya miaka kumi. Kila baada ya misimu kadhaa ilibidi kujenga upya. Ninachosema ni kwamba nyumba ilikuwa ndani ya uwezo wa mtu, kwa sababu ilijengwa kwa vitu viwili ambavyo hata maskini alikuwa navyo: pori la karibu na majirani wenye deni.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Musoma ulikuwa mji wa boma la Wajerumani, kisha wa Waingereza, na watu waliokuja kufanya kazi hapo hawakuja na pori wala majirani zao. Walihitaji kupanga. Maofisa walikuwa na nyumba za serikali, wafanyabiashara wa Kihindi walikaa juu au nyuma ya maduka yao, na wengine wote walipanga vyumba. Mwaka 1963 Mara ikawa mkoa unaojitegemea na Musoma makao yake makuu, na mahitaji yakaongezeka. Serikali ya Uhuru ilikuwa imekwisha kuliona tatizo hili nchi nzima, na mwaka 1962 iliunda Shirika la Nyumba la Taifa ili kuwajengea wananchi nyumba bora za kodi nafuu.

Kisha ikaja Aprili 1971. Kwa sheria ya kutaifisha majengo, kila jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halitumii lote likawa mali ya umma, chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo, nasi tulishangilia. Sababu ya kushangilia ilikuwepo, kwa kuwa si haki mtu mmoja akusanye kodi za mtaa mzima na mwingine alale watu wanane chumba kimoja. Lakini leo, nikiwa mzee, naona upande wa pili. Sheria ile iligawa upya majengo yaliyokuwepo, haikuongeza hata moja. Mwenye fedha za kujenga nyumba ya kupangisha alifikiri mara mbili, na Shirika la umma halikuwa na uwezo wa kujaza pengo katika kila mji.

Basi nani aliyetupa pa kulala katika miji midogo kama Musoma na Bunda? Ni watu wadogo. Askari mstaafu, mjane, mama muuza samaki wa Mwigobero, karani aliyekuwa akiweka akiba ya tofali moja moja. Hao ndio waliojenga Nyasho, Iringo na Kitaji zile nyumba tunazozijua sote, zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na choo uani. Chumba kimoja familia moja. Hakuna mkutano wa kitaifa uliowahi kuwashukuru, lakini historia ya makazi ya wafanyakazi wa Tanzania, kwa sehemu kubwa, imeandikwa na wao.

Huko vijijini pigo lilikuwa la namna nyingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wawe wamehamia. Kwetu tulihama mwaka 1974, mwaka ule ule ambao Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma mwezi wa Novemba na kutoa Azimio la Musoma kuhusu elimu. Tulishuka kutoka kwenye miinuko na kupangwa kwa mistari. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viweze kuwafikia watu waliokuwa wametawanyika. Mimi nisingekuwa mwalimu bila nia ile.

Hata hivyo, kuna hesabu moja ambayo haikupigwa. Watu waliokuwa wakikata fito na nyasi kila mmoja kwenye kilima chake, sasa wote walikata mahali pamoja. Haikuchukua miaka mingi, boriti ikawa safari ya kutwa, na nyasi za kuezekea zikawa za kununua. Aidha, majirani wenye deni la jasho walipelekwa vijiji mbalimbali, na madeni yale yakafa. Vitu viwili vilivyoifanya nyumba iwe rahisi vikapotea kwa pamoja, bila mtu yeyote kukusudia.

Mama alijengewa nyumba katika kijiji kipya kwa nguvu za wale majirani wachache waliobaki naye. Ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, vyumba viwili. Aliisiriba kwa samadi na majivu, akaipaka udongo mwekundu chini na mweupe juu. Alikuwa akiisafisha kama mtu anayesafisha sahani.

Mimi nilipata kazi ya ualimu Musoma, nikapanga chumba Nyasho. Mwaka 1977 Mwalimu alitoa kijitabu chake cha kupima miaka kumi ya Azimio la Arusha. Humo, pamoja na mambo mengine mazito, aliwalaumu wananchi kwa kuishi katika vibanda vibovu huku wakingojea saruji na mabati, wakati udongo wa kuchoma matofali na vigae wanaukanyaga kila siku. Wazee wetu waliiita saruji udongo Ulaya, na yeye aliona kwamba tatizo limo katika jina hilo hilo: tumeamini kuwa udongo wa kujengea nyumba ya maana hutoka ng'ambo. Nilikuwa nikifundisha somo la siasa. Nilikisoma kijitabu hicho mbele ya wanafunzi, nikawauliza maswali, nikasahihisha majibu yao. Na jioni, nikirudi chumbani kwangu, nilikuwa na kopo chini ya kitanda ambamo nilikuwa nikiweka misumari ya bati.

Saruji yenyewe ilikuwa ngumu kuliko jina lake. Kiwanda cha kwanza nchini, cha Wazo, kilikuwa kimeanza mwaka 1966, lakini Wazo ni Dar es Salaam, pwani ya Bahari ya Hindi. Mfuko wa kutufikia sisi ulisafiri kwa reli nchi nzima hadi Mwanza, kisha kwa meli au lori hadi Musoma. Mpaka wa Kenya, ambao kwetu ni mwendo wa saa chache tu, ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Ikawa saruji haiuzwi dukani, bali hutolewa kwa kibali.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mwaka 1982 nilipata kibali cha mifuko kumi. Nilikwenda nyumbani likizo ya Juni nikamwambia mama kwamba namjengea nyumba ya kisasa, vyumba sita, paa la bati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akiniita Baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Baba," akasema, "kwa nini usijenge hiyo kwanza, ndipo ubomoe hii?"

"Kiwanja kizuri ni hiki hiki, mama. Na ni miezi mitatu tu."

"Miezi mitatu ni ya nani, yako au ya hao wenye kibali?"

Nilicheka. Nilikuwa mwalimu, naye hakuwahi kuingia darasani. Ukweli ambao sikuusema ni kwamba niliona aibu. Walimu wenzangu walikuwa wamepanga kunitembelea, nami sikutaka wainame kuingia nyumba ya nyasi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini methali hiyo nilikuwa nikiifundisha kwa wengine. Tukaibomoa nyumba ile kwa siku moja. Mama akahamia jikoni, kibanda kidogo cha duara nyuma ya nyumba, na akiba yake ya mtama, na mbuzi wawili.

Kati ya mifuko kumi nilipewa minne. Iliishia kwenye msingi. Mingine niliahidiwa kwa mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa mwaka. Bati sikuliona kabisa. Niliandika barua, nikapanga foleni, nikaomba mkopo katika ofisi moja ya fedha, wakanitaka hati ya kiwanja. Hati ya kiwanja cha kijijini ingetoka wapi? Kila likizo nilikwenda nyumbani na maneno mapya. Mama hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Alifariki katika masika ya mwaka 1985, ndani ya kibanda kile cha jikoni. Mvua ilinyesha siku ya matanga, na waombolezaji walikosa pa kukaa. Wengine walikaa juu ya msingi wangu. Ulikuwa msingi imara.

Tangu hapo sikugusa jiwe lake. Nilibaki mpangaji Musoma, nikatazama jinsi mambo yalivyokwenda. Baada ya katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, saruji na bati vikajaa madukani, na fedha za sangara zikaanza kujenga kando ya ziwa. Tatizo la kibali lilikwisha, likaja tatizo la bei. Benki ya Nyumba, iliyokuwa imeanza mwaka 1973 kwa ajili ya kuwakopesha wananchi wajenge, ilifungwa mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliwauzia watumishi wake nyumba nyingi ilizokuwa ikiwapangisha. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi za pango ikafutwa. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mabenki yakaanza tena kukopesha, lakini humkopesha mwenye hati na mshahara mnono, yaani yule ambaye hata bila mkopo asingelala nje. Wakati huo huo Mkoa wa Mara ulikua kutoka watu zaidi ya milioni 1.7 katika sensa ya 2012 hadi zaidi ya milioni 2.3 katika ile ya 2022. Kwa nchi nzima, upungufu unaotajwa mara nyingi ni nyumba zipatazo milioni 3.

Jirani zetu wa Kenya wamechukua njia yao. Kwa sheria ya mwaka 2024, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho, ili zijengwe nyumba nafuu. Vijana wetu huliona kama jambo jipya. Sisi wazee tunakumbuka kwamba Tanzania nayo, katika miaka ya 1970, ilikuwa na mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliochangiwa na waajiri. Fedha za mfuko ni jambo jema. Swali la kuuliza daima ni moja: nyumba ile, ikiisha kujengwa, ataingia nani?

Miaka michache iliyopita nilikwenda Butiama na wanafunzi wangu wa zamani kuzuru kaburi la Mwalimu. Mahali penyewe huitwa Mwitongo, na kwa Kizanaki maana yake ni mahame, yaani mahali palipokuwa na boma la watu wakahama. Ipo nyumba yake ya zamani, na ipo nyumba kubwa aliyojengewa na Jeshi la Wananchi, ambayo aliikalia kwa muda mfupi sana kabla ya kwenda London kwa matibabu na kufariki huko tarehe 14 Oktoba 1999. Nilisimama pale nikiufikiria udongo Ulaya. Niliona kwamba Mwalimu alisema kweli, ila kweli yake ilikuwa nusu. Bati si wazimu wa akili peke yake. Bati hukinga maji ya mvua ya kunywa, haliungui kwa cheche, na nyasi zenyewe zilikuwa zimekwisha. Na matofali ya kuchoma, aliyotuhimiza tuyafyatue, hula kuni nyingi mno. Ukitazama vilima vilivyo wazi kati ya Butiama na Bunda, utajiuliza tungechoma kwa kuni zipi.

Nusu nyingine, ambayo mama yangu aliijua bila kijitabu, ni hii: nyumba ya mtu wa kipato kidogo hujengwa mwenyewe akiwa ndani. Huanza na chumba kimoja, kisha cha pili mavuno yakiwa mazuri, kisha baraza. Mpango wowote unaomtaka aishi pabaya kabisa mpaka siku ambayo yote yatakamilika, humwachia boma. Mradi wa viwanja vyenye huduma, ulioanza mwaka 1974 kwa msaada wa Benki ya Dunia katika miji ya Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, ulielewa jambo hili: mpe mtu kiwanja kilichopimwa, barabara na maji, mengine atayafanya kidogo kidogo. Awamu zile hazikufika Musoma. Nadhani lingekuwa jambo la faida kuliko majengo mengi ya ghorofa, kama miji yetu ya Musoma, Bunda na Butiama ingepima viwanja mapema, kabla ya madalali, na kumruhusu mwananchi ahamie katika chumba cha kwanza kikiisha paa na choo.

Nimalizie na habari ya boma langu. Binti wa dada yangu ni mwalimu, naye alipangiwa shule ya upande wa Nyamuswa. Alitafuta chumba mwezi mzima akakosa. Siku moja alinijia Musoma, akazungukazunguka na maneno, mwishowe akasema:

"Mjomba, ule msingi wa bibi una mwenyewe?"

Nilinyamaza kwa muda. Nilitaka kumwambia kwamba ule ni msingi wa vyumba sita, kwamba ungoje nipate fedha ufanyiwe kazi yake yote. Maneno yalifika mdomoni nikayatambua. Yalikuwa yale yale ya mwaka 1982.

Amejenga vyumba viwili juu ya kona moja ya msingi ule. Alitumia matofali ya kushindilia kwa mashine ya mkono, yale yanayofungamana bila kuchomwa, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza. Huwekwa udongo wa kwetu kwa wingi na saruji kidogo. Udongo aliuchukua kwenye kichuguu nyuma ya lile jiko la zamani. Paa ni la bati, na maji ya mvua yanaingia kwenye tangi. Sehemu iliyobaki ya msingi ameanika mihogo.

Walimu wenzake walimwuliza kwa nini amehamia kabla ya kupiga lipu. Akawajibu kwamba lipu itamkuta ndani. Nilikuwepo nikisikia. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami niliingia, nikaketi, na kwa mara ya kwanza tangu mama alipofariki nikalala usiku mzima katika kiwanja kile.